Waziri Hana Kosa

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Nsimire mwanangu,

Mama yako amenikuta nimeshika kalamu, akauliza ninamwandikia nani. Nikamwambia ninakuandikia wewe. Alicheka mpaka akaweka chini beseni la majani ya sombe. "Barua ya Miti? Iyi Miti yetu? Mutoto akipiga kelele kule tutamusikia apa." Ana haki. Barua ndefu huandikiwa watoto wanaokwenda Kinshasa au ng'ambo, wale ambao mzazi hajui atawaona tena lini. Wewe unakwenda Miti, saa moja kwa pikipiki kama mvua haikunyesha, na ninavyokujua, Jumamosi ijayo utakuwa hapa kutafuta sabuni na mchuzi wa mama yako.

Lakini kuna neno ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso miaka kumi, na pikipiki inakuja kesho asubuhi. Ninyi wawili mmetoka kwenda kumuaga marraine, mama yako wa ubatizo, kule Bagira. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimefunga mlango wa chumba, mvua inapiga bati, na ninayo saa mbili au tatu kabla hamjarudi.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwazima mtu blauzi yako ya uuguzi, sitayaandika. Mama yako atakwambia yote mlangoni, kisha atakwambia tena ukiwa tayari umepanda pikipiki. Mimi jambo langu ni Waziri.

Najua umekunja uso. Ulipopata kazi kwenye kituo cha afya cha Miti, na Koko, mama yangu, akasema utalala kwake, wewe uliyebeba jina lake, ulitoa sharti moja tu. Ulilisema kwenye simu, nami nilikuwa nimekaa pale nikisikia. "Koko, mimi ao ile imbwa." Koko akasema sawa. Ndiyo maana motard wa pikipiki atakayekushusha kesho atarudi na Waziri ndani ya kikapu, na kutoka hapa atapelekwa Luhwindja kwa wachimbaji wa zahabu wanaotafuta mbwa wa kulinda kambi. Mbwa wa miaka kumi na miwili. Ana meno sita. Nimeyahesabu mwenyewe.

Basi sikia. Waziri hakumuua Pamba. Pamba aliuawa na mimi.

Nimeandika mstari huo, nikasimama, nikazunguka kitanda mara mbili, nikarudi kukaa. Kalamu haikukataa kama nilivyoogopa. Sasa acha nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, na uliyoyaona uliyaona kupitia mimi.

Unakumbuka sungura wetu alivyokaa. Hatukuwa na banda. Tulimwacha jikoni azunguke, kama Koko anavyowaacha dende wake, wale panya wakubwa wa kufuga, alale karibu na mafiga na kula maganda. Pamba, mweupe, sikio moja limelala, alikuwa wako. Na Waziri, tuliyempa jina hilo kwa sababu alikula, akalala, na kuinuka tu akiona mgeni mwenye mkoba, alilala mlangoni mwa jiko. Kila asubuhi Pamba alipanda mgongoni mwake na kumlamba nyuma ya shingo. Ulisema anamwosha uso, ila amekosea upande.

Kisha vikaja viroboto. Sikumbuki vilianza lini, lakini nakumbuka siku vilipotuaibisha. Watu wa shirika letu la parokia walikuja kusali kwetu. Kwenye fungu la pili la rozari mzee wa shirika alianza kujikuna kifundo cha mguu. Kwenye fungu la tatu kila mtu alikuwa anajikuna, na maman mmoja alikuwa anamkuna jirani yake kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unashika rozari. Walipoondoka mama yako aliniambia maneno machache. "Papa Nsimire, fanya kitu. Ao imbwa ihame, ao mimi."

Unaona, hata lile sharti lako hukulibuni wewe. Umelirithi.

Nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo kule Nyawera. Palikuwa na daktari wa nyama, muzee mmoja mpole mwenye miwani. Alinipa kichupa kidogo cha matone, akanionyesha: unatenga manyoya nyuma ya shingo, pale ambapo ulimi wa mbwa haufiki, unamimina mpaka kwenye ngozi. Kisha akauliza, "Ku nyumba uko na nini ingine?" Sasa wewe unajua kazi niliyofanya maisha yangu yote. Mimi ni dirdis, mkuu wa nidhamu wa shule. Mimi ndiye ninayeuliza maswali. Nikamjibu, "Niko na bibi na mutoto." Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka, nikaona nimejibu vizuri, nikachukua kichupa nikaenda zangu. Mdomo wa yule muzee ulikuwa bado wazi. Alitaka kuendelea.

Nyumbani nikafungua karatasi ya ndani. Kifaransa chenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, na miwani yangu niliiacha shuleni. Lakini palikuwa na picha. Mbwa amesimama, mzuri, anang'aa. Kando yake sungura, na sungura amepigwa mstari mwekundu.

Mwanangu, fikiri kichwa cha dirdis. Nilikuwa nimetumia miaka ishirini kubandika kwenye kuta za shule picha za vitu vilivyopigwa mstari. Sigara yenye mstari maana yake: mwanafunzi, acha sigara. Simu yenye mstari: mwanafunzi, acha simu. Basi mbwa akisimama kando ya sungura mwenye mstari, maana yake ni nini? Mbwa, acha sungura. Nikafurahi kabisa. Nikasema wazungu wamefika mbali, dawa moja inaua viroboto na inamtoa mbwa hamu ya kula sungura. Nilimwambia hata mama yako. Alisema, "Kumbe."

Nilimimina Jumamosi. Na kwa kuwa Waziri alikuwa mkubwa, na mimi si mtu wa kubana mkono, nilimimina chote.

Jumapili asubuhi uliniita. "Papa, kuja uone, Pamba anaosha Waziri." Nilikuja, nikaona ulimi wake mdogo ukipita palepale, nyuma ya shingo, kwenye manyoya yaliyokuwa bado yamelowa dawa. Ningeweza kumwinua kwa mkono mmoja. Nilisema, "Muache. Ataisambaza muzuri." Maneno hayo niliyasema mimi. Kama una kumbukumbu nzuri kama ya mama yako, yatakurudia.

Jumatatu Pamba hakula. Ulimletea majani ya lenga-lenga, akageuza uso. Alikaa pembeni amejikunja, nikasema ni baridi, nikamsogezea mbabula wa makaa. Jioni alianza kutetemeka, na miguu ya nyuma ikawa inapiga chini yenyewe. Nikaongeza makaa. Jumanne asubuhi ulikwenda jikoni ukamkuta amekufa, na Waziri amelala kando yake, pua imebandikwa tumboni mwake, na manyoya meupe yamemganda mdomoni. Sasa najua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anamlamba naye, zamu yake, ili aamke.

Ulipiga kelele moja tu. Nikatoka na pijama, nikaona maiti, nikaona mshukiwa, nikaona ushahidi mdomoni mwa mshukiwa. Nilihitaji nini zaidi? Mama yako alimgeuza Pamba huku na huku, akasema, "Lakini hakuna damu." Nikasema, "Amemubana pumuzi." Akasema, "Imbwa inajua kubana pumuzi?" Nikamwambia, "Iyi iko na akili."

Naona aibu kuandika yanayofuata, lakini ulikuwepo, siwezi kuyaruka. Ulikuwa unalia kwa namna ambayo sikujua kuituliza. Mimi sikuwa baba wa kukumbatia. Nilijua kitu kimoja tu cha kumfanyia mtu aliyekosewa, nacho ni kuitisha baraza la nidhamu. Kwa hiyo saa tisa mchana, nikiwa na tai yangu ya kazi, tulikaa uani kwa meza ya kulia chakula. Wewe ulikuwa mlalamikaji. Mama yako alikuwa mwandishi, lakini alikuwa na viazi vya kumenya, kwa hiyo niliandika mwenyewe. Waziri alifungwa kamba kwenye mparachichi. Nikamuuliza kama ilivyo kawaida, "Mushitakiwa, uko na neno la kusema?" Akatikisa mkia. Nikaandika: mshitakiwa hana neno. Nikaandika pia: mshitakiwa haonyeshi majuto.

Na hakujikuna hata mara moja muda wote huo. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake vizuri sana. Hilo nalo nililiona, na sikujiuliza kitu.

Hukumu ilikuwa kufukuzwa kabisa. Nilipiga kashe, ule mhuri wa shule, dhambi ninayoiungama hapa kwa mara ya kwanza, na wewe, kwa mkono wako, ulichovya mguu wa mbele wa Waziri kwenye wino wa kashe na kuubandika chini ya karatasi mahali pa sahihi. Uliacha kulia. Kwa kweli uliacha. Kesho yake akapanda kikapu cha pikipiki kwenda kwa Koko, amechangamka kabisa, akifikiri anatembezwa. Koko alipiga simu kuuliza ni ugonjwa gani unaofanya mguu wa mbwa uwe wa zambarau.

Juma moja baadaye nilirudi kwa yule muzee wa dawa. Sikwenda kwa mashaka. Nilikwenda kulalamika. Nikamwambia, "Docteur, dawa yako ya viroboto iko muzuri. Ila ile sehemu ya kukataza imbwa kula lapin haikutumika."

Alivua miwani. "Sehemu gani?"

Nikamweleza ile picha. Alinisikiliza, hakucheka.

"Ulikuwa na lapin ku nyumba?"

"Moja."

"Alilamba imbwa?"

"Kila asubuhi."

"Papa," akasema polepole, "ule mustari si wa imbwa. Ni wako. Ile dawa ku imbwa iko dawa, ku lapin iko sumu. Njo nilitaka kukuambia siku ile, ukaniambia uko na bibi na mutoto."

Laiti angenikaripia. Mtu akikukaripia unapata nafasi ya kukasirika. Alinivutia tu kigoda. Nikamuuliza mtu aliyesoma vibaya afanye nini. Akasema, "Aende aseme kwake." Maneno matatu. Nilirudi kwa miguu kutoka Nyawera ili nipate muda wa kuyapanga maneno yangu, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeyapanga vizuri. Wewe ulikuwa mezani unakula samaki wadogo wa sambaza, mara ya kwanza kula vizuri tangu Pamba afe. Ukanisogezea sahani, ukasema, "Papa, aksanti juu ulimufukuza." Nikakaa. Nikala sambaza. Maneno yote niliyoyapanga yakashuka tumboni pamoja nayo.

Nilikuogopa, Nsimire. Nataka ulijue hilo bila kulipamba. Niliwatetemesha wanafunzi mia nne kwa kukohoa tu, na nikamwogopa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye mafuta ya sambaza kwenye vidole. Ulikuwa unaniangalia kana kwamba mimi ndiye haki yenyewe, na sikutaka uache.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi, na ilikuwa na milima. Mwaka wa kwanza nilisema nitakuambia ukimaliza kipindi cha mitihani. Mwaka wa pili nilisema umeshasahau. Kisha ikaja ile siku ya vijana parokiani, ukasimama mbele ya watu wote na karatasi yako ukasoma habari ya mbwa msaliti, na kichwa cha habari kilikuwa "Kikulacho ki nguoni mwako". Watu walipiga makofi. Padri alifuta macho. Mimi niliyekuwa nimevaa ile nguo yenyewe nilikaa mstari wa kwanza, nikapiga makofi kuliko wote, na ulipopewa kamusi ya zawadi nikaibeba mimi mpaka nyumbani.

Lililoniuma zaidi ni Koko. Ulikataa kukanyaga kwake kwa sababu ya yule mbwa. Sikukuu zote, Bonane zote za mwaka mpya, ukakataa. Basi Koko akawa anashuka yeye, na magoti yale, amepanda pikipiki kwa upande na kikapu cha maparachichi mapajani, ili aone mjukuu mwenye jina lake. Na kila mara, wewe ukiwa umetoka kidogo, ananiambia, "Iyi imbwa inalala na badende bangu. Hata moja haijakufa." Nami ninamjibu, "Amebadilika, Maman." Nilikuwa nimempa hata cheti cha tabia njema, ilimradi nisiguse hukumu.

Utaniuliza kama nilijifunza kitu. Kidogo. Mwaka juzi waliniletea msichana wa darasa la tatu. Daftari la mahudhurio limelowa maji, majina yote yamefutika, na yeye amekutwa kando ya meza, mikono imelowa. Zamani angekuwa ameshafika kwao na barua ya kusimamishwa siku tatu. Siku ile nilimwangalia mikono, nikaona mguu wa zambarau. Nikauliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza: maji yametoka wapi? Tukainua macho. Bati lilikuwa linavuja juu ya meza, na msichana alikuwa anajaribu kufuta. Bati ambalo mwalimu wake alikuwa ameniandikia mara mbili nilitengeneze. Kumbe tena ni mimi. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa, na niliona ni kazi nyepesi kuliko nilivyofikiri, na bado sikuja nyumbani kufanya hiyo ngumu.

Jana nilikwenda Miti. Nilikuambia ninakwenda kumpelekea Koko sukari, na sukari kweli nilimpelekea. Lakini nilikwenda kumuaga Waziri. Uso wake umekuwa mweupe wote. Jicho moja lina ukungu. Alinisikia kabla hajaniona, akaja akichechemea, akaweka kichwa juu ya kiatu changu, akatikisa mkia vilevile kama siku ile chini ya mparachichi. Alikuwa amejaa viroboto. Koko alikuwa ameshaniambia kwenye simu, hata kama anakwenda Luhwindja asiende hivyo, watu watasema ametoka kwa watu gani. Nilikuwa nimepita Nyawera, nina kichupa mfukoni, na safari hii nilimsikiliza yule muzee mpaka akamaliza, hata alipoanza kuniambia habari za kuku. Nikammiminia Waziri matone nyuma ya shingo, kwa kipimo cha uzito wake.

Kisha nikaingia jikoni kwa Koko nikalia. Mwanaume wa miaka hamsini na nane, katikati ya dende. Akauliza, "Unalia juu ya nini?" Nikamwambia yote, tangu kichupa mpaka kashe. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Miaka kumi nakuambia." Akanipa kisu na viazi nimenye.

Nilipomwomba akueleze yeye, alikataa. "Weye njo ulihukumu, weye njo utasema. Mimi nilipatia mutoto neno langu. Akifika akisema imbwa iende, itaenda."

Bado nilikuwa na mpango wa kiwoga. Nilisema nitakuambia Jumamosi utakaporudi, Waziri akiwa ameshafika Luhwindja na jambo limepoa. Leo asubuhi, tukinywa chai, ukasema jirani amekataa kukaa na sungura wako wawili, kwa hiyo utaondoka nao. Chai ilinipalia. Nikakujibu, "Baache apa. Miti iko baridi." Ukasema, "Papa, balapin biko na manyoya." Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika habari hii, ukiacha ule wa kichwa, na haukudumu hata kikombe kimoja.

Kwa hiyo barua hii ina agizo moja tu la kila siku, na nitalisema wazi kwa sababu siku ile halikusemwa. Waziri ana dawa mwilini tangu jana. Sungura wako wasimguse, wasimlambe, wasilale mahali alipolala wala juu ya gunia lake. Waweke kwenye kizimba chao chumbani kwako, juu ya meza, mlango umefungwa. Koko amekubali Waziri alale bandani kwenye kuni, mbali na dende, lakini amekubali kwa kunung'unika, na usiku wa mvua anaweza kumwonea huruma akamrudisha jikoni, kwa hiyo uwe macho. Muzee wa dawa alisema kukauka kwa manyoya hakutoshi, kwa sababu sungura analamba, na dawa inabaki. Nilimuuliza siku ngapi, akanitajia majuma. Wewe hesabu mwezi mzima, kisha ongeza siku kwa ajili yangu. Ukimshika Waziri, nawa kabla hujawakatia majani. Na matone ya mbwa usimtie sungura kamwe, hata awe na viroboto mia. Yeye ana dawa yake, uliza. Siku sungura akikataa kula, usingoje kesho, usimsogezee makaa, na nakuomba sana usiitishe baraza. Mpeleke kwa daktari wa nyama saa ileile.

Unaona nimeandika kana kwamba Waziri atakuwepo. Sina haki hiyo. Kikapu kitakuwa tayari, motard ana maagizo yake, na sharti ni lako. Inawezekana miaka kumi ya kumchukia imekuwa mingi sana kufutwa na karatasi mbili. Kama ni hivyo, nichukie mimi badala yake, mimi bado nina meno yote na nitavumilia. Yeye hataweza Luhwindja. Wale vijana wa migodini wanataka mbwa wa kubweka, na huyu sasa anabweka mara moja, kisha anakaa kupumzika.

Mama yako hajui kitu. Utamwambia, najua, lakini nipe siku mbili.

Barua nitaiweka juu ya majani ya sungura, ndani ya kikapu chao, kwa kuwa nakujua: ukishuka kwenye pikipiki utawaangalia wao kabla ya kumwamkia Koko. Karatasi ya mwisho, hii unayoishika sasa, igeuze. Ndiyo ile hukumu. Nimeiweka miaka yote ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi ya hamsini na moja, nikidhani Mungu ataelewa bila mimi kusema.

Utaona nimefanya marekebisho. Pale palipoandikwa "Mkosaji: Waziri", nimepiga mstari mwekundu. Safari hii najua mstari unasema nini na unamwambia nani. Juu yake nimeandika jina langu lote, kama linavyoandikwa kwenye karatasi za serikali. Pale palipoandikwa "Mshitakiwa hana neno", nimepiga mstari pia, na neno langu ni hili: nisamehe, mwanangu. Nilikutunzia uongo kwa sababu ulikufanya uache kulia. Palipoandikwa adhabu nimeacha wazi. Jaza wewe.

Waziri usijisumbue kumwomba radhi kwa niaba yangu. Nilijaribu jana, akanilamba kidole.

Ule mguu wa zambarau bado upo chini ya karatasi, umefifia kidogo. Nimechukua kashe kwenye mkoba wa shule, nimechovya kidole gumba, nimekibandika kando yake. Nimekuwa nikiviangalia muda mrefu. Nasikia sauti zenu kwenye ngazi, mama yako anakuambia habari ya chandarua.

Papa yako